Barua ya Posa Iliyoangukia Mferejini

Aibu hii sijawahi kuitoa mbele za watu, na ningekuwa na haya kidogo ningekufa nayo, lakini nyie wenzangu, chekeni mmalize.

Mdogo wangu Hamisi alinifanya mshenga wake, nipeleke barua ya posa mtaa wa Bellevue kwa Mzee Makame, Mzanzibari, baba yake Zaituni. Nikavaa kanzu nyeupe (nimeishona mwenyewe, si mimi ndiye fundi?), barua nikaifunga kwenye kitambaa, nikaibana kwapani, nikatoka mtaani kwetu Doornfontein kwa miguu baada ya Adhuhuri. Kufika kwenye kile kidaraja cha mfereji wa zamani, ule wa mawe, shetani akaniambia piga selfi, watu wa Tanga waone mshenga alivyopendeza! Nainua simu, kitambaa kinachomoka, hicho mpaka majini.

Eish! Nikashuka. Mawe yanateleza, nikaporomoka kwa makalio, maji yananuka choo, kanzu nimeipandisha kiunoni (ndani nina bukta ya njano), nakimbizana na barua kama na kuku. Juu darajani mama mmoja Mkongo akapiga kelele, "Papa, unatafuta nini mule? Utagonjwa!" na wenzake wameshatoa simu wananirekodi. Barua ikaenda na maji.

Hapo si ningerudi nyumbani? Wapi! Nikanawa kwenye bomba la kituo cha mafuta, nikaenda vilevile nimelowa, na mbele ya wajomba na mashangazi waliokuwa wakinisubiri mkekani nikasema matsotsi, vibaka wa huku, wameninyang'anya barua, wakanisukuma mferejini.

Kumbe video imenitangulia, inazunguka kwenye magrupu. Mzee Makame akanitazama weee, kisha akanipa simu yake.

"Haya, nioneshe tsotsi ni yupi."

Nikajiona, bukta na yote, peke yangu mle mferejini. Mashangazi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Ungesema umeteleza, tungekupa kanzu kavu na chai, na barua ingeandikwa nyingine. Sasa mwanangu nimpe watu wanaoanza na uongo?"

Nikamwomba, nikapiga magoti, hakugeuka. Zaituni ameolewa kwingine mwezi uliopita.

Niiteni mazikoni, niiteni nikaoshe masufuria, lakini ushenga, wallahi, sishiki tena. Hamisi hajanitukana hata siku moja, na heri angenitukana. Kahamia mtaa wa Hillbrow, tukikutana msikitini ananiamkia shikamoo, anachukua viatu vyake, anaondoka.