Picha Nne Juu ya Kompyuta

Mama Mihuri alikuwa na tatizo moja la kumbukumbu: kitu ambacho mikono yake haijakichonga, kichwa chake hakikishiki. Namba ya simu ya mumewe hakuijua mpaka leo. Lakini umuulize muhuri wa shule ya sekondari, wa kwanza kabisa kuuchonga, miaka ishirini na miwili iliyopita, atakuchorea kila herufi yake, tena kinyume, kama zinavyokaa kwenye mpira kabla ya kugongwa karatasini. Vyeti vya wanawe wote watatu viligongwa muhuri huo, na hilo alimwambia kila aliyekaa kwenye benchi lake.

Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu. Upande huu meza ya kuchongea, taa ya shingo ndefu na visu vitatu vilivyofungwa kitambaa kwenye vipini. Upande ule kompyuta, yenye michoro ya mihuri ya wateja wake wote. Juu ya kompyuta alikuwa amebandika kadibodi yenye picha nne za wino mweusi, na hizo ndizo zilizozua kasheshe.

Zilitoka kwenye kitabu kikuukuu cha historia ya maandishi, alichopewa na mkutubi aliyekuwa akipunguza rafu. Humo alisoma kwamba maandishi ya kale zaidi ya Kichina yanayojulikana yalichongwa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, kwenye mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe. Alama nyingi za mwanzo zilikuwa picha: mlima wenye vilele vitatu, mti wenye matawi na mizizi, jua la duara lenye nukta katikati. Mama Mihuri aliweka kitabu mapajani. Yalichongwa! Kumbe wale walikuwa watu wa kazi yake. Tangu siku hiyo aliwazungumzia kama majirani waliohama mtaa.

Jumatatu moja alikuja wifi yake, dada mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta hospitalini. Alikuja kuikagua mashine, kwa sababu Jumatano angefika karani wa ile shule. Kuna mtu alikuwa amekamatwa na vyeti bandia. Muhuri wake wa kughushi haukutoka kwa Mama Mihuri, lakini shule ilitaka kujua mchoro wa muhuri wao unatunzwaje. Wasiporidhika, wangeuondoa na kumpa mchongaji mwingine.

"Wifi, nenosiri umeliandika wapi?" aliuliza fundi. "Maana nakujua."

"Sijaandika popote." Mama Mihuri akainua kidevu. "Nimechora."

Wifi mtu akatazama kadibodi, kisha akamtazama yeye. "Usiniambie."

"Sasa nani mtaa huu anasoma Kichina cha miaka elfu tatu?"

Wakati huohuo mshona viatu wa kibanda cha pili akaingia kuazima mkasi.

"Eti kaka, hizi picha ni za nini?" wifi akamtupia swali.

"Hizo? Mlima, jua, mtu, mti," alijibu huku akipekua droo. "Mtu akiegemea mti, hapo anapumzika. Mama Mihuri katufundisha wote. Hata mke wangu anazijua."

Wifi akaandika maneno hayo manne kwenye kibodi, moja baada ya jingine. Kompyuta ikafunguka.

Mshona viatu akaondoka na mkasi, asijue alichofanya. Mama Mihuri akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mwalimu wa mtaa mzima," wifi akacheka, kisha akamshika bega. "Haya, usilie. Chagua maneno mengine manne yasiyojuana kabisa. Usiyatumie mahali pengine. Na usimwambie mtu, hata mimi, hata kaka yangu."

"Nitayakumbukaje? Kichwa changu kiko kwenye vidole."

"Basi vitumie hivyo vidole."

Wifi akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Mama Mihuri alichukua kipande cha mpira akachonga picha nne mpya, polepole, kinyume. Aligonga mara moja, akatazama. Alichonga tena kwenye kipande kingine bila kutazama cha kwanza, na mara ya tatu mkono ukaenda wenyewe. Akaweka nenosiri jipya kwenye kompyuta, kisha akakatakata mipira na karatasi mpaka zikawa chembechembe.

"Wenzangu, mlichonga ili yabaki," aliwaambia majirani zake wa kale. "Mimi nachonga niharibu. Mnisamehe."

Jumatano karani alifika, suti imenyooka, bahasha mkononi. Hakusalimia sana. Aliketi mbele ya kompyuta, akainua macho kwenye kadibodi, akaandika. Mashine ikakataa. Akarudia polepole, herufi kwa herufi. Ikakataa tena.

"Umebadilisha," alisema.

"Na wewe ulilijua?"

"Mama, mwezi uliopita ulinifundisha hizo picha, ukageuka, ukayaandika majina yake kwenye kompyuta mbele yangu. Nilifika nyumbani sina raha. Barua ya kuuondoa muhuri wetu hii hapa, imeshasainiwa. Ilibaki nikukabidhi."

Vidole vya Mama Mihuri vilikuwa vikichora kitu mezani, akaviona, akavikunja haraka.

Karani akaona pia, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Na hizo za ukutani, unaziacha za nini sasa?"

"Za kufundishia tu."

Karani aliichomoa barua kwenye bahasha, akaigeuza upande usioandikwa, akailaza mbele yake.

"Basi ile ya jua na mwezi vikikaa pamoja, sikuielewa vizuri. Nichoree hapa."

"Hiyo ni mwanga," alisema Mama Mihuri, akachukua kalamu.