Mashine Iliyomlisha Mama

Mama aliposhindwa kumeza ugali, baba alianza kuzungumzia soseji.

Kwetu, upande wa Nyamira, miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, soseji hazikuwa chakula cha mtu yeyote tuliyemjua. Baba alizijua kwa sababu alikuwa amempikia mzungu mmoja huko Sotik mpaka mzungu akauza shamba na kwenda zake. Daktari wa Kisii alikuwa amemwambia baba kwamba kwenye mmio wa mama kuna kitu kinaota, na kwamba hakuna la kufanya ila kumpa vyakula laini. Tukampa uji, maziwa na mchuzi. Baada ya miezi miwili mikono yake ilikuwa ngozi na mifupa, na akiona bakuli la uji linakuja alikuwa analia kwa hasira.

"Nipeni kitu cha kushika," alisema. "Mtu mzima hanyweshwi kila siku kama ndama."

Baba alinieleza mpango wake tukichuma pareto. Nyama isagwe mara tatu, ichanganywe na mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ijazwe kwenye utumbo mwembamba wa mbuzi, ichemshwe polepole. Ikiiva, unaimenya ngozi, na kilichobaki ulimi unakivunja bila kazi ya meno. Mama angekula kitu kilichokaa kwenye sahani kama chakula cha watu. Nilimwamini baba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kuamini ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa.

Tulikwenda Kisii mimi na yeye. Katika duka la Muhindi kulikuwa na mashine mbili za kusagia nyama, kubwa na ndogo, zote za kuzungusha kwa mkono. Ndogo aliikataa papo hapo, maana mdomo wake wa kubania ulikuwa mwembamba kuliko ubao wa meza yoyote aliyopata kuona.

"Chukua hii kubwa, mzee," Muhindi alimwambia. "Chuma tupu. Nasaga mpaka mfupa."

"Mimi sitaki kusaga mfupa. Iko wapi sahani ya matundu ndogo?"

"Iko hiyo moja tu. Watu yote nanunua hii, hakuna mtu narudisha."

Baba aliifungua yote pale kwenye kaunta. Alitoa kisu cha ndani, akakilaza juu ya sahani ya chuma yenye matundu, akaviinua kuelekea mlangoni. Mwanga ulipita kati ya kisu na sahani. "Unaona?" aliniambia. "Kisu hakikai kwenye sahani. Hii itatafuna nyama, haitaikata." Faneli ya kujazia utumbo haikuwepo kabisa. Tukatoka mikono mitupu, Muhindi akitusindikiza kwa maneno ambayo sikuyaelewa na nafikiri ni afadhali.

Baba hakutaka kurudi nyumbani hivyo. Tulitembea hadi Kiogoro, kwa mzee mmoja aliyekuwa mpishi pamoja naye kule Sotik. Mzungu alipoondoka, mzee huyo alibeba vyombo vya jikoni, na chini ya magunia stoo kwake ilikuwepo mashine yao ya zamani. Ilikuwa na faneli. Ilikuwa na sahani tatu, moja ikiwa na matundu madogo kama punje za wimbi. Baba aliweka kisu juu ya sahani, akainua, na hakuna mwanga uliopita.

Kisha akanitazama, na wote wawili tulijua. Mashine hiyo ilikuwa imesaga nguruwe wa mzungu miaka minane, tena kwa mkono wa baba mwenyewe. Sisi ni Wasabato. Katika nyumba ya mama, nguruwe hata jina lake halikutajwa mezani.

"Tutaichemsha," baba alisema.

Aliichemsha na majivu mara mbili, akaisugua kwa mchanga, akailoweka kwenye maji ya ndimu siku nzima. Mama alipouliza, alimjibu kwamba ni ya Muhindi. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Mwanamume wa Kigusii hakai jikoni kwake, na majirani hawakumsamehe. Walisema uzungu umempanda kichwani, sasa amekuwa mke wa mke wake. Utumbo ulikuwa kazi yangu, maana huo ni wa wanawake. Niliuosha mtoni, nikaugeuza ndani nje kwa kijiti, nikaukwangua kwa mgongo wa kisu hadi nikaona vidole vyangu kupitia kwake. Baba alipigilia ubao wa pili chini ya meza yetu ili mashine ibane vizuri, akasaga, akajaza, akafunga kwa uzi.

Mama alishika sahani mwenyewe, mapajani. Alikula nusu ya soseji, akatulia, akasubiri imkwame. Haikumkwama. Akamaliza ile nusu nyingine, na baba akatoka nje haraka akijifanya anatafuta kuni.

Kwa wiki tano alikula. Alianza kutembea hadi mlangoni. Alianza kunigombeza tena jinsi ninavyofagia, na sijapata kufurahia matusi kama hayo.

Wiki ya tano nilibatizwa. Nilitoka majini nikiwa na ukweli unaoniwasha kama upele. Ijumaa iliyofuata, tukijitayarisha kwa Sabato, mama aliishika ile mashine na kupitisha kidole kwenye mpini wake.

"Mpini mpya haulainiki hivi," alisema. "Wewe ulikuwa na baba yako. Ilitoka wapi?"

Nilimwambia. Mjinga mimi, nilimwambia hata yale ambayo hakuuliza: Sotik, miaka minane, nguruwe. Niliona fahari kusema kweli, naungama hivyo, fahari kabisa.

Hakugomba. Alisukuma kando sahani ya soseji iliyokuwa mbele yake, na kuanzia siku hiyo hakugusa kilichotoka kwenye mashine ile. Baba alirudi Kisii akanunua ile kubwa ya Muhindi, na ikafanya vile vile alivyosema ingefanya. Nyama ilitoka nyuzi nyuzi. Mama alijaribu mara tatu kwa ajili yake, akakohoa hadi macho yakawa mekundu, na mara ya tatu ilitoka na damu. Tukarudi kwenye uji. Baadaye uji nao ukawa unakwama.

Baba hakunilaumu. "Uliulizwa, ukajibu," aliniambia, na hakurudia tena. Heri angenichapa.

Mchana mmoja, siku chache kabla mama hajafa, nilikuwa namlowesha midomo kwa kitambaa. Sauti yake ilikuwa imekwisha, ikabidi niiname.

"Zile nyama za baba yako," alisema, "zilikuwa tamu."

Nikamwitikia.

"Nilikuwa na njaa, mwanangu. Kwa nini hukunidanganya?"

Nilimjibu kwamba sikujua inaruhusiwa.