Piramidi Iliyongoja Filimbi

Mutoto mumoja alibaki kwetu Baraka, muji wa kando ya ziwa, juu ya heshima.

Si vita. Si ugonjwa. Heshima tu.

Mi bananiita Mama Coach. Nilimaliza masomo ya primaire, basi, lakini miguu yangu ilisoma mupaka université. Nilikimbia mbio, nilicheza football na handball, niliogelea mupaka bavuvi ba Swima bakaniuliza kama niko mutu ama samaki.

Magoti ilipochoka, nikaanza kufundisha batoto gymnastique. Sasa ni mwaka wa makumi tatu na mbili. Matelas yetu, magodoro ya kuangukia, ni mifuko ya muchele tuliyojaza majani makavu ya ndizi.

Sheria yangu iko moja: hakuna mutoto anashuka kwenye piramidi kama filimbi haijalia. Ukishuka ovyo, unavunja mwenzako shingo.

Kezimana ndiye alikuwa anasimama juu kabisa. Miaka kumi na mbili, mwepesi kama samaki ndagala kavu. Mama yake, Marie-Rose, ni mukimbizi wa Burundi. Siku ya proclamation, pale banasoma pointi za batoto mbele ya bazazi, ndiyo siku familia yao ilikuwa inarudi kwao. Lori iko tayari barabarani, nyuma ya shule.

Marie-Rose akanijia mbio.

"Mama Coach, huyu mutoto analia, anataka kupanda mara ya mwisho. Lakini lori haitangoja! Shofere anataka avuke mupaka kabla haujafungwa."

"Dakika mbili tu, mama. Nitakurudishia mutoto na jasho yake yote."

Akacheka, akaenda kupakia batoto bake badogo, mapacha, kwenye lori.

Batoto batatu bakapiga magoti, babili juu yao, Kezimana akasimama kileleni, mikono wazi. Makofi! Nikaweka filimbi mudomoni.

Hapo mugeni wa heshima, papa Darius, muzee muuza samaki, akasimama.

"Batoto betu ndio kesho yetu..."

Huku kwetu, mukubwa akisimama kusema, hata mbuzi inanyamaza. Nikangoja akae.

Hakukaa.

Alisema juu ya nidhamu. Juu ya barabara ya Mboko. Juu ya mihogo. Clarisse, mumoja wa bale ba chini, akaanza kutetemeka.

"Mama Coach, nakufa!"

"Kufa polepole, mukubwa anasema."

Lori ikapiga honi. Ikanguruma.

Kezimana aliiona toka kule juu. Machozi ikamutoka, ikaangukia migongo ya benzake, lakini miguu yake haikutikisika. Nilikuwa nimemufundisha vizuri mno.

Yeye macho kwangu. Mi macho kwa papa Darius. Papa Darius macho kwangu.

Pumzi nilikuwa nayo. Kupuliza ikanishinda.

Niliposikia lori inaondoka ndiyo nikapiga filimbi. Kezimana akaruka, akakimbia. Mi nyuma yake, bingwa wa zamani, magoti inalia kama mulango bila mafuta. Tulimuona Marie-Rose nyuma ya lori, anapiga bati kwa mikono miwili. Shofere hakusikia.

Vumbi ikafunga njia.

Motari mumoja alibafuata na pikipiki yake. Alipofika Mboko, gurudumu yake ikapasuka.

Papa Darius akatufikia, anahema.

"Mama, mbona ulichelewesha filimbi? Maneno iliniisha zamani! Ningekaaje, na batoto bangali juu bananiheshimu?"

Ehe. Mi nilikuwa namungoja yeye. Yeye alikuwa ananingoja mi.

Siku ya pili Marie-Rose akapiga simu toka ng'ambo. Nikatayarisha maneno mingi, hata bichekesho.

"Mama Coach," akasema polepole, "si uliniomba dakika mbili?"

Mi, mwenye mudomo kama radio, nikamupatia Kezimana simu.

Kezimana analala kwangu mupaka leo, tunangoja safari ingine ya kurudisha bakimbizi. Benzake bakipanda, yeye anakaa chini, anafunga viatu byake, anafungua, anafunga tena.

Wee mwenye kufundisha batoto, shika hii toka kwa mwanamuke muzee: fundisha mutoto kukutii, lakini mufundishe pia siku ya kukukatalia. Mi nilifundisha nusu moja tu.