Kifuko Nilichomshonea Bibi

Wasomaji wenzangu, mkosa ni mimi, na sina wa kumsukumia. Nimenyamaza hadi nami nimeitwa bibi.

Sisi ni Wahindi wa Unguja. Tulipohamia London tulipata flati Tottenham, mimi na Bibi mzaa baba tukalala chumba kimoja. Kiingereza hakukijua wala hakukitaka. Alikuwa na sala zake na mimi, basi.

Skuli, mwalimu wa kazi za mikono akatuambia tushone kifuko cha ngozi kama vya makauboi wa sinema, chenye kifuniko na matamvua. Nikachagua kipande laini kuliko vyote. Nimeshakata, nimeshona nusu, mwalimu akanisifu mbele ya darasa. Ngozi ya nguruwe, akasema, ndiyo inayokubali sindano.

Nguruwe, na sisi Waislamu! Lakini nilikuwa mgeni, na ndiyo kwanza nasifiwa nchi ile. Nikamaliza, nikijiambia nitakitupa.

Bibi akakiona kabla.

"Umenishonea mimi, mwanangu? Mashallah, mikono hiyo!"

Akatia tasbihi yake, akakivaa shingoni. Akacheka, nami nikamwacha nacho. Tangu tushuke ndege alikuwa hajacheka, jamani!

Akawa anasali nacho. Kila sala! Akisujudu, kifuko kinagusa msala, nami nageuza uso.

Siku ya maulidi nyumbani kwetu, jirani mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha viatu akakishika, akakisogeza kwenye taa.

"Bi Mkubwa, unisamehe, hii nguruwe. Tazama vitundu vya nywele, vitatu vitatu."

Wanawake wakasogea kutazama. Bibi akanigeukia. "Eti, mwanangu?"

"Ya ng'ombe, Bibi."

Basi akaapa! Wallahi, billahi, mbele ya watu wote, kwa neno langu mimi. Jirani wa watu akaomba radhi huku analia, na kwetu hakukanyaga tena.

Bibi amefariki sijamwambia. Nimefunga, nimetoa sadaka, nimemwombea mpaka sauti imekauka. Msamaha wake nitauchukua wapi?

Ninyi mnaoficha jambo eti mnamwonea mtu huruma, nisikilizeni. Mimi niliita huruma, kumbe woga mtupu! Kamwambieni leo, angali na nguvu za kuwagombeza.