Upande wa Kushoto wa Nyumba

Injinia alipigilia vigingi kwenye mteremko, akafunga kamba, kisha akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Mama yangu akatoka jikoni taratibu, akainama, akaving'oa vile vya upande wa kushoto.

"Yaya," akasema. Hapana, kwa lugha yetu.

Nyumba yake ya zamani, ya udongo, ilikuwa imepasuka kutoka dirishani hadi chini. Mvua za masika zilipoanza, mimi nilikosa raha dukani kwangu Kisii mjini, nikiwaza jinsi mlima wetu wa Sironga ungemfunika mama usingizini. Ndiyo maana nilimleta injinia. Alikuwa mwanamke wa Mombasa, mkali wa kazi, asiyejua kubembeleza mtu. Alichimba shimo, akauponda udongo kiganjani, akaniambia waziwazi kwamba bila ukuta wa mawe wa kuuzuia udongo, nyumba mpya ingeteleza kama ile ya kwanza. Na ukuta wenyewe ulipaswa kupita pale pale kushoto, ubavuni mwa nyumba.

"Mama, mbona unatusumbua hivi?" nikasema, sauti ikinipanda. "Huyu ametoka mbali!"

Mama alivishika vile vigingi kifuani akasimama hapo.

Mimi nilijua, na hilo ndilo lililonitia hasira. Upande wa kulia wa nyumba lipo kaburi la baba. Kwetu mume hulazwa kulia, mke kushoto. Kuihamisha nyumba hakukuwezekana. Mzee angeachwa vipi peke yake? Lakini nitamwambiaje mgeni, mama mwenyewe akiwa amesimama hapo mzima wa afya, kwamba pale ni mahali pake? Kifo cha mzazi aliye hai hakitajwi. Nikajifanya nasoma ramani ya injinia, na ramani yenyewe sikuiona.

Injinia akachoka nasi. Akamwendea mama, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, hebu niambie basi. Hapo kuna nini?"

Mama akazitazama nyasi.

"Hakuna kitu," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Bado."

Injinia akageuka, akalitazama kaburi la baba kule kulia, kisha akarudisha macho kushoto. Nikaona uso wake umeelewa. Hakumpa mama pole, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliuliza kwa sauti ya kazi tu, ile ile aliyoulizia mchanga na kokoto.

"Nikuachie nafasi kiasi gani?"

"Kidogo tu, mwanangu. Mimi ni mfupi."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilienda nyuma ya migomba nikalia kama mtoto mdogo.

Ramani ikachorwa upya. Ukuta ukashushwa chini kabisa, karibu na shamba la majani chai, ukawa mrefu na mnene kuliko ule wa kwanza. Mafundi walinung'unika wakibeba mawe, na injinia akawa hasikii la mtu. Nyumba mpya ikakamilika, mama akahamia ndani. Mvua zikaja, akalala usingizi wake salama. Jua likitoka alipenda kuketi kwenye kile kipande cha nyasi cha kushoto, miguu ameinyoosha, akichambua mboga. Nilipomshauri apande sukuma wiki asiache ardhi bure, alinitazama mpaka nikaona aibu.

Mwaka huu tumemzika. Injinia alikuja, kitambaa kichwani, viatu vimejaa matope, akasimama peke yake juu ya ukuta wake. Nilimwona akiuinamia kuukagua, hata siku hiyo. Wachimba kaburi hawakuwa wamegusa jiwe lake hata moja. Jeneza lilipotua chini, watu wakaanza kuimba, nami nikashindwa kuimba. Nilikuwa natazama kule miguuni, upande wa ukuta. Alikuwa mfupi kweli mama yangu. Nafasi ilibaki.