Pembe Waliyoielekea Panya

Pale maabara walimwita Mama Panya, na jina hilo halikumkera. Kazi yake ilikuwa kuwalisha panya weupe wa majaribio, kuwabadilishia maranda ya mbao na kuwapaka vidonda vyao dawa inayojaribiwa. Safari hii dawa ilitokana na jani la mmea unaotambaa msituni: daktari wa utafiti alilikausha, akalisaga, akaliloweka kwenye spiriti mpaka likatoa maji meusi yenye harufu ya chuma kibichi.

Vidonda vilifunga upesi ajabu. Lakini panya waliopakwa waliacha kupiga kelele. Walikaa kimya, pua zote zikielekea pembe moja ya chumba. Mama Panya akakizungusha kizimba. Wakageuka wote kwa pamoja, polepole, wakaielekea pembe ileile. Alipomweleza daktari, akaambiwa huenda ni harufu tu.

Nyumbani, mumewe, fundi viatu, alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni, na hospitali ilishataja kukata. Ukiambiwa hivyo akili haikai sawa. Mama Panya akachota ile dawa kidogo kwenye kichupa, akampaka bila kumwambia imetoka wapi. Haukupita muda, ngozi mpya ikafunika kidonda chote. Mume akatania kwamba sasa mkewe ajihadhari, atatorokwa.

Asubuhi moja akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, uso ukutani, mikono magotini.

"Mume wangu, unaangalia nini?"

"Siangalii. Nasikiliza."

Akamshika mabega, akamgeuza. Mume hakubisha hata kidogo. Kisha, taratibu, akarudi kulekule.

Mama Panya akaenda kusema yote kwa daktari, akijua kibarua kimeota nyasi. Daktari hakumkaripia. Aliuliza tu mume anaelekea upande gani. Mama Panya akanyoosha mkono, na daktari akatafuta kiti.

"Huko ndiko nilikolichuma lile jani," akasema kwa sauti ndogo. "Na sijamwambia mtu."

Jaribio likasimamishwa, chupa zikafungiwa kabatini. Mume amerudi kwenye viatu vyake, mguu mzima, utani uleule. Ila meza ya kazi ameigeuza, na wateja huzungumza na kisogo chake. Mama Panya hajuti. Humpelekea chai, akaketi kando yake, wala hamuulizi anasikia nini. Anaogopa atajibiwa.