Gari Lililolala Likitazama Chini

Niliingia Sosiot nikiwa juu ya mbolea. Lori lilipakia magunia bandarini Mombasa, na dereva akanichukua Voi kwa sababu rejeta yake ilikuwa inavuja na alihitaji mtu wa kuiongezea maji kila tukimaliza mlima. Kwa hiyo safari ile naikumbuka kwa maji. Nakumbuka mtaro tulimochota, bomba tulikofukuzwa, na mvua iliyotukuta Narok tukaikinga kwa sufuria huku tukicheka. Baada ya Bomet nchi ikawa kijani, kijani kilichokatwa sawasawa kama nywele za mtoto anayeanza shule. Lori likashusha mbolea ya wakulima wa chai, likarudi. Mimi sikurudi. Nimekuwa hivyo tangu nilipomaliza kidato cha nne: mahali pakinipendeza nakaa, pakinizoea naondoka.

Nilipata kibanda kando ya kinu cha mahindi nikaanza kutengeneza magari. Siku moja akaja mzee mmoja mwenye chai na ng'ombe wachache, ambaye boma lake lilikuwa kilimani, ng'ambo ya mto. Alikuwa na stesheni-wagon ya zamani, yenye injini ya injeksheni. Ndiyo iliyobeba mitungi ya maziwa hadi barabarani asubuhi, na ndiyo iliyompeleka mkewe hospitali ya Longisa kwa kliniki ya presha.

"Fundi," akaniambia, "hii gari ni kama bibi wa pili. Leo inaitika, kesho imenuna."

"Na wewe bibi wa pili umemjulia wapi?" mkewe akauliza kutoka kiti cha nyuma.

Stata ilikuwa inazungusha injini vizuri, lakini injini ilikuwa haishiki. Hiyo si kila siku, na kamwe si mbele yangu. Pale kibandani, kwenye uwanja tambarare, iliwaka kila nilipogusa ufunguo. Nilisafisha plagi, nikabadilisha chujio la petroli, nikapachika rilei nyingine ya pampu. Mzee akaenda nayo akiwa na furaha. Asubuhi iliyofuata akanipigia simu: imekataa, na imebidi waiachie iteremke hadi barabarani ndipo ikashika.

Huko milimani kila gari hulala likitazama chini. Wenyewe hufunzana hivyo tangu siku za kabureta na betri zilizochoka: ukiegesha nyumbani, pua ielekee bondeni, ili likigoma uliachie literemke. Hakuna anayefikiria jambo hilo, kama vile hakuna anayefikiria upande wa kuvalia koti. Mimi mwenyewe nilimwambia mzee aendelee kuegesha hivyo mpaka nitakapougundua ugonjwa wa gari.

Mwishowe nikapanda kilimani alfajiri nilione likigoma. Liligoma. Nikatazama geji ya mafuta: mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Jana yake jioni, pale sokoni, nilikuwa nimeuona kwa macho yangu ukiwa karibu na robo.

"Mzee," nikasema, "hii gari haina ugonjwa. Kuna mtu anatoa mafuta usiku."

Nilisema kwa sauti, tena kwa raha. Siku nyingi nilikuwa nimeonekana fundi asiyejua, na sasa nilikuwa na jibu.

Boma lile lilikuwa na mtu mmoja tu wa kutoka nje: mkamuaji, Mkisii wa umri wangu, aliyelala chumba cha kando ya zizi. Mlangoni pake palikuwa na jerikeni. Niliifungua nikanusa. Petroli. Akaeleza kwamba ni ya mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe, na mzee alijua hilo, lakini wakati huo mzee alikuwa ananitazama mimi.

Majirani walioleta maziwa yao pale langoni yabebwe na gari lile walikuwa wamekusanyika. Yule mkamuaji akaninyooshea mikono yake miwili.

"Nusa," akasema. "Ng'ombe ya hapa haikubali mkono iko na petroli. Nikishika hiyo mashine, siku hiyo mama ndiye anakamua. Uliza mama."

Mama alifungua mdomo. Mimi nikamtangulia. "Hata sabuni inaondoa harufu," nikasema.

Sikuinusa ile mikono. Mzee akamwambia akusanye vitu vyake. Mtu mmoja langoni akasema neno kwa Kikipsigis, lugha ya pale, wengine wakacheka, na mimi nikacheka nao ingawa sikulielewa.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha sana, na lori la majani chai likakwama kwenye njia ya boma. Nilikuwa nimemrudisha mama kutoka Longisa kwa gari lao, na kwa kuwa lori lilikuwa limeziba pa kugeuzia, nililiacha uani likitazama juu. Niliporudi kulichukua liliwaka mara moja. Geji ilisoma robo. Lori lilipotoka nikaligeuza gari kama kawaida, pua bondeni, nikazima ili nikafunge lango. Niliporudi likakataa. Geji ilikuwa sifuri.

Niliketi pale mikono ikiwa juu ya usukani. Pampu ya gari la injeksheni imo ndani ya tangi, na ya lile ilikuwa upande wa nyuma. Tangi likiwa na mafuta kidogo, ukiliinamisha mbele, mafuta yanakimbilia mbele na pampu inavuta hewa. Geji nayo inadanganyika vilevile. Ukiliachia literemke hadi kwenye tambarare, mafuta yanarudi, injini inashika, na wewe unashukuru mteremko.

Mzee alikuwa amesimama kwenye dirisha la gari.

"Nani ameiba leo?" akauliza.

"Hakuna, mzee."

"Na ile siku?"

Mzee akaenda zizini, ambako mkewe alikuwa anahangaika na ng'ombe aliyekataa kuteremsha maziwa tangu mkamuaji aondoke.

Nilimtafuta yule mkamuaji nikampata Kimulot, anachuma chai katika shamba la mtu, kikapu mgongoni. Nilimweleza yote, pamoja na pampu. Alisikiliza bila kuacha kuchuma.

"Kwa hivyo mwizi ni kilima," akasema.

"Mzee anataka urudi."

"Huko nimeitwa mwizi kwa lugha mbili, fundi. Ya kwako nilielewa. Hata hiyo ingine nilielewa." Akatupa majani kikapuni. "Kama unataka kunisaidia, sema pale langoni. Asubuhi, wakiwa na mitungi yao."

Nilisema. Nilisimama langoni wakati wa maziwa nikaeleza kosa langu kwa sauti ileile niliyomshitakia. Walisikiliza kwa makini mpaka nilipofika kwenye pampu. Hapo wakaanza kuulizana ya kwao iko upande gani wa tangi. Mmoja akanipiga begani. "Fundi, wewe ni daktari kabisa."

Tangu siku hiyo kazi ilijaa kibandani. Watu walitoka mbali kumwona fundi aliyegundua ugonjwa wa kuegesha. Magari ya upande ule yakaanza kulala yakitazama juu. Kila nilipolitaja jina la mkamuaji, watu walisema, "Ah, yule," kisha wakanirudisha kwenye pampu. Kila sifa niliyopewa ilitoka kwenye mikono ambayo sikuinusa.

Nilivumilia mpaka majira ya mvua yaliyofuata. Siku ya kuondoka nilipanda kilimani kuaga. Gari lilikuwa uani, pua juu. Mama alinijazia chupa ya mursik, maziwa ya mgando ya kwao, iwe ya safari. Mzee alitoka zizini. Siku hizo alikuwa anakamua mwenyewe. Mikono yake ilikuwa na maziwa, kwa hiyo akaninyooshea kifundo cha mkono, kama watu wafanyavyo wakiwa kazini. Mimi nilikuwa nimetoka kufunga kazi yangu ya mwisho, na mikono ilinuka petroli. Nikamnyooshea kifundo changu.

Tuligusana hivyo, kila mmoja akiwa amekunja vidole, kisha nikateremka kwenda barabarani.